Kuchagua Mji wa Kukaa Kanada: Mwongozo Kamili kwa Mhamiaji Mhindi

Mwezi Septemba 1972, wakati Wahindi wa Uganda wakihesabu siku walizobakishiwa na Idi Amin kabla ya kufukuzwa, baraza la mji wa Leicester, Uingereza, lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasiende Leicester, kwa kuwa nyumba, shule na huduma za mji huo zilikuwa zimeelemewa. Walikwenda. Wengine walikuwa na shemeji au binamu aliyetangulia, na wako wanaosimulia hadi leo kwamba tangazo lile ndilo lililowafahamisha kuwa kuna mji unaoitwa Leicester wenye Wahindi wengi kiasi cha kulitisha baraza lake. Sensa ya 2021 ilikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa mji huo wana asili ya Kihindi.

Kisa hiki kinaonyesha jinsi Wahindi wengi walivyochagua miji ya ugenini kwa karne nzima, yaani kwa kumfuata ndugu. Njia hiyo ina busara yake, lakini ndugu anaweza kukupa kitanda bila ya kuweza kukupa leseni ya uhandisi. Kwa hiyo katika mwongozo huu swali la ndugu nimelisogeza hadi nafasi ya nne, nyuma ya kibali, kazi na kodi ya pango, na nitaeleza kwa nini.

Nimechagua Kanada kwa sababu ndiko swali la mji linakowasumbua watu wengi zaidi: kati ya wahamiaji walioingia nchini humo kuanzia 2016 hadi 2021, karibu mmoja katika kila watano alikuwa amezaliwa India. Ninayemwandikia ni Mhindi aliyetoka moja kwa moja Ludhiana, Ahmedabad au Hyderabad, au aliyepitia miaka kadhaa ya kazi Dubai na Muscat, au mzaliwa wa Upanga, Mombasa au Kampala ambaye India kwake ni habari za babu na bibi. Kanuni ninayoisimamia ni moja: chagua mji ambao familia yako itaweza kuishi kwa mshahara mdogo kuliko unaoutarajia, kwa muda wa miaka miwili ya mwanzo. Mji wa ndoto zako unaweza kuusubiri.

Hatua ya kwanza: kisome kibali chako kabla ya kuisoma ramani

Watu wengi hulinganisha miji 10 ilhali kibali chao kimekwisha kuwachagulia jimbo. Aliyeteuliwa kupitia mfumo wa serikali kuu ulioanza Januari 2015, ule wa kuwapanga waombaji kwa pointi, anaweza kuishi popote isipokuwa jimbo la Quebec, ambalo huteua wahamiaji wake lenyewe. Aliyeteuliwa na jimbo, kwa mfano Manitoba au Saskatchewan, ameahidi kwa maandishi kwamba ana nia ya kuishi katika jimbo hilo. Ni kweli kwamba katiba ya Kanada humpa mkaazi wa kudumu haki ya kuhamia jimbo lolote na kufanya kazi huko, lakini mtu anayeshuka Toronto na mizigo yake yote huku jina lake liko kwenye orodha ya Manitoba anajitafutia maswali kuhusu ukweli wa maombi yake. Kama umeteuliwa Manitoba, swali lako ni kati ya Winnipeg, Brandon na Steinbach, nalo ni jepesi zaidi kuliko swali la nchi nzima.

Upo pia mpango wa jumuiya ndogo uliozinduliwa Januari 2025, unaohusisha jumuiya 14 zikiwemo Thunder Bay, Sudbury na Brandon, ambao mwajiri wa pale pale ndiye humfungulia mhamiaji mlango. Usiudharau kwa sababu mji haujulikani kijijini kwenu.

Mwanafunzi ana hesabu yake tofauti. Mji wake huchaguliwa na chuo, na tangu Novemba 2024 anaruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo kwa saa 24 tu kwa wiki katika kipindi cha masomo. Asichague Toronto kwa kutumaini kwamba kazi za usiku zitalipia karo. Saa hizo hazitoshi.

Hatua ya pili: tafuta mji wa kazi yako

Kanada hugawa kazi katika mafungu mawili. Lipo fungu la kazi zenye bodi, kama vile uuguzi, ufamasia, uhandisi, ualimu na ufundi umeme katika majimbo mengi, ambazo huwezi kuzifanya au hata kujiita kwa jina lake bila leseni. Na lipo fungu la kazi zisizo na bodi, kama vile uandishi wa programu, mauzo na kazi nyingi za ofisini, ambako mwajiri ndiye mwamuzi.

Kwa kazi zenye bodi, jambo la kwanza kulielewa ni kwamba leseni hutolewa na jimbo, si na taifa. Mhandisi wa Pune akitaka kufanya kazi Ontario ataomba kwa bodi ya Ontario, na akitaka Alberta ataomba kwa bodi ya Alberta, ambazo zina masharti, ada na muda wake. Bodi ya wahandisi ya Ontario ilifuta mwaka 2023 sharti la uzoefu wa kazi wa Kanada, sharti ambalo kwa miaka mingi liliwafanya wahandisi wenye nywele nyeupe kuanza upya kama vijana wa mafunzo. Jambo la pili ni kwamba ile tathmini ya shahada uliyoilipia kwa ajili ya uhamiaji si leseni. Inasema tu kwamba shahada yako inalingana na shahada ya Kanada. Nimewaona watu wazima na heshima zao wakiwasili na bahasha hiyo mkononi wakiamini kwamba wamekwisha kufuzu.

Basi, kabla ya kulinganisha kodi za pango, fungua tovuti ya bodi ya taaluma yako katika majimbo matatu, uandike kwenye karatasi: mitihani ni mingapi, hufanyika wapi, je, baadhi yake unaweza kuifanya ukiwa bado nyumbani, na katika muda wa kusubiri unaruhusiwa kufanya kazi gani ya karibu na taaluma yako. Swali hili la mwisho ndilo linalotofautisha majimbo zaidi ya mengine.

Kwa kazi zisizo na bodi, fuata mahali waajiri walipokusanyika. Makao ya benki kubwa na kampuni nyingi za bima yako Toronto. Waandishi wa programu wana Toronto, Waterloo na Vancouver. Mafuta na gesi huongozwa kutoka Calgary. Malori na maghala yamejaa Brampton na Mississauga, karibu na uwanja wa ndege wa Pearson, na ndiyo maana madereva wengi wa Kipunjabi wako huko. Lakini anayetaka leseni ya lori kubwa Ontario ajue kwamba tangu 2017 ni lazima amalize mafunzo yasiyopungua saa 103.5, ambayo ada yake hutoka mfukoni mwake.

Hesabu matangazo ya kazi ya cheo chako katika kila mji kwa wiki nne mfululizo, siku ile ile ya wiki. Tangazo moja la mshahara mnono halina maana. Matangazo 40 ya mshahara wa kawaida yana maana kubwa.

Hatua ya tatu: piga hesabu kwa mshahara mbaya

Wengi hupiga hesabu kwa mshahara wanaoutarajia. Piga kwa kima cha chini. Ilipofika Oktoba 2025, kima cha chini Ontario kilikuwa dola za Kanada 17.60 kwa saa, na Alberta dola 15, ambacho hakijapanda tangu 2018. Kwa saa 40 kwa wiki, Ontario inakupa takriban dola 3,050 kwa mwezi kabla ya makato, na Alberta dola 2,600. Shirika la nyumba la taifa hutumia kipimo kwamba makazi yasizidi asilimia 30 ya kipato cha kabla ya kodi, yaani dola 915 kwa yule wa Ontario na 780 kwa yule wa Alberta. Kwa kiasi hicho hutapata nyumba nzima Toronto ya Ontario wala Calgary ya Alberta. Utapata chumba, au utachangia na wenzako nyumba ya chini, ile inayochimbwa chini ya nyumba ya mtu na kufanywa makazi. Heri ulijue hilo mapema.

Halafu ongeza kodi ya mauzo, ambayo Alberta ni asilimia 5, British Columbia na Manitoba asilimia 12, na Ontario asilimia 13. Vyakula vya msingi kama mchele, unga, dengu na mboga havitozwi, kwa hiyo jikoni mwa Kihindi, ambamo chakula kingi hupikwa nyumbani, hawaumii sana kama familia inayokula mikahawani. Utakapoumia ni kwenye samani, simu, gari na nguo za baridi za watoto, tena vitu hivi vyote vitanunuliwa mwaka wa kwanza.

Sheria za upangaji nazo hutofautiana kiasi kwamba zinastahili safu yake katika daftari lako. Ontario huweka kila mwaka kikomo cha ongezeko la kodi ya pango, ambacho kwa 2025 kilikuwa asilimia 2.5, lakini nyumba zilizoanza kukaliwa baada ya tarehe 15 Novemba 2018 hazimo, na mgeni mara nyingi ndizo anazoonyeshwa kwa kuwa zinang'aa. Alberta haina kikomo cha kiasi. Inataka tu mwenye nyumba asipandishe zaidi ya mara moja kwa mwaka. Amana ya juu kabisa Alberta ni kodi ya mwezi mmoja, British Columbia ni nusu mwezi, na Ontario mwenye nyumba anaruhusiwa kuchukua kodi ya mwezi wa mwisho tu, wala hana haki ya kudai amana ya uharibifu. Akikuambia kwamba wageni wasio na historia ya mikopo ni lazima walipe miezi sita mbele, anakudai jambo asiloruhusiwa kulidai, hata kama mnatoka wilaya moja na anakuita ndugu yangu.

Hatua ya nne: pima jamaa zako, wanakofaa na wanakobana

Sasa tuje kwa watu. Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wakazi wa Brampton, mji wenye watu zaidi ya 650,000, wana asili ya Asia Kusini. Surrey, jirani wa Vancouver huko British Columbia, ina zaidi ya theluthi. Ndani ya miji mingine kuna mitaa: kaskazini-mashariki ya Calgary, Mill Woods ya Edmonton, na The Maples ya Winnipeg. Lakini neno "Wahindi" linaficha mengi. Brampton na Surrey ni miji ya Wapunjabi kwanza, na huko Mtelugu au Mmalayali wa kusini mwa India anaweza kujiona mgeni kama alivyo mgeni Amritsar, mji wa Punjab. Kitamil unachokisikia Scarborough, upande wa mashariki wa Toronto, ni zaidi cha watu wa Sri Lanka. Mgujarati mfuasi wa madhehebu ya Kihindu ya Swaminarayan atafurahia hekalu kubwa la marumaru la Toronto, lililofunguliwa 2007. Waismailia wana vituo vyao Burnaby, jirani wa Vancouver, tangu 1985 na Toronto tangu 2014, na jamatkhana, yaani nyumba zao za ibada, nyingi kati ya hapo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna tabaka jingine. Ndege ya kwanza ya waliofukuzwa Uganda ilitua Montreal tarehe 28 Septemba 1972, na hadi mwisho wa mwaka uliofuata Kanada ilikuwa imepokea zaidi ya watu 7,000. Walisambazwa nchi nzima, kisha taratibu wengi wakajikusanya Toronto, Vancouver na Calgary, wakafuatwa na wengine wa Tanzania na Kenya. Naheed Nenshi, aliyekuwa meya wa Calgary kuanzia 2010 hadi 2021, ni mtoto wa wazazi waliohama kutoka Tanzania. Katika miji hii mitatu mihogo na nazi si vitu vya kusimuliwa tu, na utawakuta wazee wa Kihindi wanaogombana kwa Kiswahili juu ya bao la karata.

Jamii ni ngazi, na mtu aliyefika juzi anaihitaji sana: gurudwara, yaani hekalu la Masikh, itampa chakula bila kuuliza dini yake, jirani atamwonyesha daktari anayesema lugha ya mama yake, na duka la mtaani litamuuzia methi (majani ya uwatu) na atta (unga wa ngano wa chapati) bila ya safari ya basi mbili. Hata hivyo ngazi hiyo hiyo huwa ukuta. Mwajiri wa jamii yako anaweza kukulipa taslimu chini ya kima cha sheria, bila karatasi, na ukapoteza mwaka mzima wa uzoefu usioweza kuuthibitisha mbele ya afisa wa uhamiaji wala mwajiri mwingine. Kiingereza cha mke au mama aliyebaki nyumbani hakitasogea ikiwa mtaa mzima unazungumza lugha yake. Na zipo nyumba za chini zisizosajiliwa, zisizo na mlango wa pili wa dharura, ambazo hukodishwa kwa wageni kwa sababu mgeni hajui wa kumwuliza. Brampton imeweka usajili wa nyumba za aina hiyo, kwa hiyo uliza nyumba imesajiliwa au la kabla ya kutoa fedha.

Ushauri wangu ni kukaa mwendo wa dakika 30 hivi kutoka kwenye moyo wa jamii yako, wala usikae katikati yake. Jumapili utafika hekaluni. Jumatatu mtoto atacheza na watoto wa kila aina. Kuhusu kufikia kwa ndugu, wahenga walikwisha sema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwambie ndugu yako tarehe ya kuondoka kabla hujafika, na uchangie bili tangu wiki ya kwanza.

Hatua ya tano: baridi na gari, ambavyo ni kitu kimoja

Baridi ya Winnipeg si ya kufanyiwa mzaha: wastani wa Januari ni takriban nyuzi 16 chini ya sifuri. Vancouver hubaki juu ya sifuri lakini mvua hunyesha hadi mtu anasahau rangi ya anga. Calgary hupata upepo wa joto kutoka milimani unaoweza kuyeyusha theluji kwa siku moja na kurudisha barafu kesho yake. Baridi yenyewe watu huizoea kwa koti zuri. Kisichozoeleka ni kusubiri basi dakika 40 ndani ya baridi hiyo, kwa hiyo swali la hali ya hewa ni swali la usafiri.

Mji usio na treni nzuri utakulazimisha kununua gari, na gari linaleta bima. British Columbia, Manitoba na Saskatchewan zina shirika la umma la bima ya msingi ya magari. Ontario na Alberta ni kampuni binafsi, na Brampton kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa sehemu ghali zaidi za Ontario kukatia gari bima. Mtu anayekimbia kodi ya pango ya Toronto kwenda Brampton anaweza kuikuta tofauti yote imeliwa na bima. Omba makadirio ya bima kwa kutumia msimbo wa posta wa nyumba unayoifikiria, si wa mji kwa jumla. Njoo pia na barua rasmi kutoka mamlaka ya leseni ya nchi uliyoendeshea gari, yenye kutaja miaka ya uzoefu wako, kwani bila barua hiyo Ontario huenda isikuhesabie uzoefu wako wote.

Mambo machache ya kupitia haraka

Bima ya afya ya umma Ontario huanza bila kungoja, tangu kipindi cha kusubiri cha miezi mitatu kilipofutwa mwaka 2020. British Columbia husubirisha sehemu iliyobaki ya mwezi wa kuwasili pamoja na miezi miwili, kwa hiyo mjamzito au mzee anayekwenda Surrey anunue bima binafsi ya muda huo. Wanaofikiria Montreal, mji mkubwa wa Quebec, kwa sababu ya nafuu ya makazi wajue kwamba watoto wao, isipokuwa wachache, watasoma kwa Kifaransa, na kwamba sheria ya 2019 inawazuia walimu wa shule za umma, polisi na waendesha mashtaka kuvaa alama za dini kazini. Kwa Sikh mwenye kilemba anayetaka kufundisha, hilo linamaliza mjadala wa Quebec.

Huduma za kibalozi za India ziko Ottawa, Toronto na Vancouver. India hairuhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo siku utakapoapa kuwa Mkanada utasalimisha pasipoti ya India na kuomba kadi ya Mhindi wa ng'ambo. Aliyezaliwa Kenya au Uganda anaweza kubaki na uraia wake wa kwanza kwa kufuata taratibu za nchi hizo.

Hatua ya sita: ujaribu mji mwezi Februari

Ukiwa na miji miwili iliyobaki kwenye daftari, usiamue kwa picha. Kama una uwezo, fika wiki nne kabla ya familia, na kama unaweza kuchagua mwezi, chagua Februari. Panga chumba kwa mwezi mmoja, karibu na mahali unapodhani kazi itapatikana. Siku ya pili panda basi la saa 11 alfajiri, kwa kuwa ndilo watakalolipanda wale wanaoanza na kazi za ghala. Nenda maktaba ya umma uulize ratiba ya madarasa ya lugha, kisha ulitafute shirika la kuwapokea wahamiaji linalogharamiwa na serikali kuu. Huduma zake ni bure kwa mkaazi wa kudumu, na mtu anayekuomba fedha kwa huduma hiyo hiyo ni wakala tu. Waulize watu watatu waliofika mwaka jana, si waliofika 1985, ilichukua miezi mingapi kupata kazi ya kwanza na mingapi kupata ya pili. Aliyefika 1985 atakusimulia Kanada nyingine.

Asiyeweza kusafiri mapema aanze kwa mkataba mfupi wa nyumba, hata ukiwa ghali kidogo kwa mwezi, na asinunue nyumba wala samani nzito kabla ya kupita baridi moja. Mkopo wa nyumba ndio humfunga mtu katika mji usiomfaa.

Ukiamua kuhama tena

Si aibu kuondoka Toronto mwaka wa pili ukaenda Edmonton. Ukihama, jimbo la zamani huendelea kukulipia matibabu hadi miezi mitatu huku ukisajiliwa kwenye jimbo jipya. Jisajili wiki ya kwanza. Leseni ya gari unatakiwa kuibadilisha ndani ya siku 60 ukiingia Ontario, na 90 ukiingia Alberta au British Columbia. Chukua kutoka kwa kila mwajiri barua yenye cheo, tarehe na saa za kazi kabla hujaaga, kwa kuwa barua hizo ni ngumu kuzipata ukiwa kilomita 3,000 mbali. Na kwa kuwa kodi ya mapato ya jimbo hukokotolewa kwa jimbo uliloishi tarehe 31 Desemba, mwulize mhasibu kabla ya kupanga tarehe ya lori la kuhamisha mizigo: wiki moja upande huu au ule wa mwaka mpya inaweza kubadilisha kodi ya mwaka mzima.